Siku Nne za Ljubljana

Kwa miaka kumi na tisa Vlatka alikuwa amekata tiketi za safari za watu wengine. Dirishani pake, katika stendi ya mabasi ya Osijek, walipita wanafunzi wa kwenda Zagreb, bibi wa kwenda kuona wajukuu Munich, maharusi wa kwenda baharini na mikoba yao mipya, naye akawatakia wote safari njema kisha akala mkate wake nyuma ya kioo. Yeye mwenyewe hakuwa amelala nje ya nyumba ya baba yake tangu mzee Antun apigwe na kiharusi, na hiyo ilikuwa miaka mitatu sasa.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Oktoba aliamka mapema kama mtoto siku ya sikukuu. Alimnyoa baba yake ndevu, akamlisha uji, akamvalisha sweta, akabandika supu ya kuku jikoni, halafu akajifungia bafuni akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akaipaka tena. Kaka yake Krešo alikuwa amekubali hatimaye kuja kukaa na mzee siku nne, kuanzia Ijumaa. Siku nne nzima! Kumkubalisha kulimchukua mwezi, tena kwa kumbembeleza kama paka aliyekwama juu ya mti.

Saa nne kamili kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Tihomir.

Mlango wa chumba cha mzee ulisukumwa kwa fimbo kutoka kitandani, ukafungwa papo hapo, na redio ikaongezwa sauti. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, miaka miwili sasa. Mzee Antun alikwisha tamka neno lake siku ya kwanza, kwa ule mdomo wake uliopinda upande mmoja, na hakulirudia wala kulifuta: "Mwanamume aliyemwacha mtoto wake hali meza moja na mimi."

"Leo ameweka nyimbo za magitaa ya tamburica," Tihomir akasema akivua viatu. "Ameendelea. Wiki iliyopita aliniwekea matangazo ya vifo."

Vlatka akacheka, akamvuta kwa kola ya koti, akambusu. Alinukia sabuni na, kwa mbali, grisi. Tihomir alikuwa fundi wa lifti. Ndivyo walivyojuana, alipokuja kutengeneza lifti ya jengo lao, nao wakaongea dakika arobaini yeye akiwa ndani ya shimo na Vlatka akiwa juu, ghorofa ya nane, ameshika mfuko wa viazi.

"Kaa. Nimechemsha kahawa. Na kuna keki za salenjaci."

"Za jamu ya plamu?"

"Kwani mimi nimewahi kukupa za nini?"

Akakaa. Vlatka akafungua kompyuta ndogo katikati ya vikombe, akavuta kiti mpaka mabega yao yakagusana.

"Sikiliza sasa. Nimezichuja mpaka zimebaki tatu. Ya kwanza hii hapa, Pri Lipi. Vyumba kumi na viwili tu, madirisha yanatazama mto, na chai ya asubuhi unaletewa mezani. Hupangi foleni na sahani kama askari."

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

"Hujatazama hata! Soma walivyoandika wageni. Kuna Mjerumani mmoja analalamika kwamba mto ulimpigia kelele usiku. Mto ule, Tiho! Bata wenyewe wanalala juu yake. Nikasema, basi kama kero kubwa ni mto, hiyo ndiyo hoteli yetu."

Tihomir akatabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Vlatka aliliona hilo. Aliliona, akalipita, kama mtu anavyopita dimbwi kwa sababu amevaa viatu vipya.

"Ya pili iko chini ya mlima wa ngome. Ngazi nyingi, ila wana vitanda vipana. Ya tatu sikuitaka, nimeiweka ili uone kwamba nimefikiria. Iko stesheni."

"Hiyo ya stesheni je?"

"Nini?"

"Si itakuwa rahisi zaidi? Ukishuka tu, umefika."

Vlatka akamgeukia na mikono kiunoni, akiwa amekaa vile vile. "Tihomir. Mwaka mzima mimi nashinda stendi. Navuta moshi wa mabasi, nasikia vipaza sauti mpaka ndotoni. Leo mara ya kwanza napata likizo, uniambie nikalale stesheni?"

"Nimesema tu."

"Basi usiseme tu. Sema mto."

"Mto," akasema Tihomir kwa sauti ya chini, akamshika mkono. "Chukua ya mto, mpenzi. Unastahili mto."

Maneno yale yangemfurahisha, lakini namna alivyoyasema haikumpendeza. Alisema "unastahili" kama watu wasemavyo makaburini. Vlatka akamwaga kahawa nyingine ingawa vikombe bado vilikuwa vimejaa.

"Haya, matembezi. Ijumaa tunafika jioni, hatuendi kokote, tunatembea madarajani tu. Jumamosi ziwa la Bled. Kile kisiwa, ile kengele, na keki ya krimu ambayo mwenzangu wa kazini ameisifu mpaka anadondoka mate. Jumapili chagua wewe: mapango ya Postojna au bahari ya Piran."

"Bahari?" Tihomir akajitahidi kucheka. "Mkroatia aende kutazama bahari ya Waslovenia? Watatucheka kutoka hapa mpaka Zagreb. Bahari yenyewe ukipiga chafya umeimaliza."

"Basi mapango."

"Mapango sawa."

"Na Bled tunakwenda na basi la saa tatu. Nimeshaangalia."

"Twende na treni."

"Treni haifai. Basi linakushusha ziwani kabisa. Treni inakuacha Lesce, kutoka hapo ni kilomita nne. Niulize mimi."

"Najua. Lakini treni inapita Kranj."

Ng'ambo ya ukuta tamburica ziliendelea kulia, mtu akiimba juu ya farasi wake.

Vlatka alijua waliokuwa wakiishi Kranj. Walikuwa Mojca, mke wa zamani wa Tihomir, na msichana wao, Zarja. Ndoa ilipovunjika Tihomir alirudi kwao Osijek, na mtoto akabaki na mama yake akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na tisa. Miaka yote mitano Tihomir alituma zawadi za Krismasi na hakujibiwa; mara moja tu alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi bila kubisha hodi. Hayo aliwahi kumsimulia Vlatka akiwa amempa mgongo, na tangu hapo hawakuyagusa tena.

"Ndiyo maana ulitaka hoteli ya stesheni," Vlatka akasema taratibu. "Na ndiyo maana uliitaja Ljubljana tangu mwanzo, wakati mimi nilisema Budapest."

Tihomir akaitikia kwa kichwa.

Na Vlatka, badala ya kukasirika, alihisi moyo unamjaa. Akamkumbatia kichwa akakilaza kifuani pake. "Mjinga wewe! Ungesema tu. Tutashuka Kranj. Wewe utakwenda kumwona mwanao, mimi nitakaa kwenye mkahawa ninywe kahawa zao mbovu mpaka utakaporudi. Hata kutwa nzima. Ziwa halitahama."

Alimhisi akitetemeka chini ya mikono yake. Alidhani ni furaha.

"Ngoja nimalize kabla mtandao haujanikatia," akasema akijifuta jicho kwa kiganja. Vidole vyake vikarudi kwenye kompyuta. Kazi ile angeweza kuifanya amefumba macho. "Basi la Ijumaa asubuhi, tunabadili Zagreb. Viti viwili, nyuma ya dereva, upate pa kuweka hayo magongo unayoita miguu. Na Jumatatu kurudi, viti viwili..."

"Kurudi kata kimoja."

Hakuelewa. Kwa kweli hakuelewa. Akamtazama kama anavyowatazama abiria wanaomtajia mji usiokuwepo.

"Kimoja cha nani?"

"Chako."

Supu ikafurika chunguni, ikazima moto kwa mlio mkali. Hakuna aliyenyanyuka.

"Mojca anaumwa," Tihomir akasema, macho yake juu ya meza. "Ana ugonjwa mbaya wa damu. Wanamlaza mwezi ujao, na huenda akalazwa mwaka mzima, akitoka na kurudi. Mama yake alishafariki. Hana mtu, Vlatka. Zarja hana mtu."

"Tangu lini umejua?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Vlatka akasimama. "Wiki tatu nakuonyesha picha za hoteli. Nakusomea habari za mito na mashuka. Nanunua koti! Nimenunua koti, Tiho, la kutembelea madarajani! Na wewe umekaa hapa unakula salenjaci zangu unajua?"

"Nilitaka upate siku zako nne. Hujawahi kwenda popote. Nilisema, nitamwambia siku ya mwisho, huko huko..."

"Huko huko! Unipakie basi nirudi kutwa nzima nikilia mbele ya watu ninaofanya nao kazi? Hiyo ndiyo zawadi?"

"Sikujua la kufanya."

"Utakaa kwake? Nyumbani kwake?"

"Kwa Zarja. Ndiyo. Nyumba ni hiyo moja."

"Kama mume?"

Tihomir akakawia, na katika kukawia kwake Vlatka akasikia jibu baya kuliko ndiyo. "Sijui," akasema. "Siendi kwa ajili hiyo. Lakini mtu mgonjwa, mtoto mle ndani... sitaki kukuahidi kitu halafu nikuongopee. Mwaka ni mrefu."

"Niambie nikungoje. Sema tu neno hilo, nitangoja."

"Vlatka, ungoje nini? Afe mama wa mtoto ndiyo nirudi? Au apone ndiyo nimwache tena?"

Akajishika mdomo, kana kwamba maneno yalimponyoka. Vlatka akageukia dirisha. Chini kabisa tramu ilikuwa ikikunja kona, nyeupe na bluu, abiria wawili watatu ndani.

"Niambie niende nawe basi," akasema bila kugeuka.

"Twende," Tihomir akasema upesi, na kwa sekunde moja sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa shimo la lifti. "Twende, tupange chumba, utapata kazi..." Wote wawili waliutazama mlango wa chumba cha mzee Antun. Nani angemnyanyua asubuhi? Nani angemkatia nyama vipande, amgeuze, amfunge vifungo? Krešo, aliyebembelezwa mwezi mzima kwa siku nne?

"Nilimpigia mtoto simu," Tihomir akasema baadaye. "Kislovenia changu kimeharibika, nikawa nakosea. Akaniuliza, wewe ndiye baba wa kwenye picha? Nikasema ndiye. Akaniuliza, utakuja kwa siku ngapi?" Akasukuma kikombe kando. "Siku ngapi, Vlatka. Ameshajua kwamba mtu huja kwa siku."

Vlatka alitaka kumchukia. Alitafuta ndani yake mahali pa kuanzia akapakosa. Angekuwa na mwanamke mwingine, angekuwa mlevi, mwongo, angemtupia kikombe. Lakini mtu anayekwenda kwa mtoto wake utamtupia nini?

Akafunga kompyuta.

"Treni za Kranj zipo nyingi," akasema kwa sauti ile ya dirishani, sauti ya kazini. "Usipande zile za haraka, baadhi hazisimami vituo vyote, uliza kwanza. Na usiende mikono mitupu. Usimpelekee mdoli, ana miaka tisa. Mpelekee kitu cha kufanya nawe. Kete, karata, chochote. Mkae mezani mcheze, mazungumzo yatakuja yenyewe."

"Vlatka..."

"Nenda, Tiho. Nenda sasa, kabla sijakuomba ubaki. Nikikuomba utabaki, nakujua."

Akainuka. Alisimama mlangoni akivaa viatu kwa muda mrefu kupita kiasi, akifunga kamba, akizifungua, akizifunga tena. Kisha akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtazama, hakumbusu. Yule fundi wa lifti hakuita lifti. Vlatka alisikia hatua zake zikishuka kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka hazikusikika.

Redio ilikuwa imezimwa. Hakujua ilizimwa saa ngapi.

Alipogeuka alimkuta baba yake amesimama mlangoni pa chumba, ameegemea fimbo, mguu mbovu umeburuta zulia. Kutoka kitandani mpaka pale peke yake hakuwahi kufika tangu augue.

"Baba! Utaanguka!" Akamkimbilia, akamshika kwapani, akamkalisha kwenye kiti alichotoka Tihomir.

"Nimesikia," mzee akasema. Maneno yalimtoka mazito, moja moja. "Ukuta ni karatasi."

"Basi furahi. Umeshinda. Amekwenda kwa mtoto wake."

Mzee Antun akaweka mkono wake mzima juu ya meza.

"Alikuja hapa. Ulikuwa kazini, jirani akamfungulia. Jumatano, mwezi jana. Amevaa koti, na tai."

"Nani?"

"Huyo wako. Akasimama hapo, akasema, mzee, naomba nimuoe binti yako. Nyote wawili nitawatunza. Nitahamia hapa hapa, nitakuwa nakunyanyua mimi."

Vlatka alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia jiko. Kikamdondoka.

"Nikamwambia," mzee akaendelea, na chozi likaanza kushuka upande ule wa uso usio na hisia, asijue kwamba linashuka, "nikamwambia, nitakupa binti yangu siku utakapomtazama mtoto wako machoni. Ukishamtazama, rudi, tutakunywa rakija. Akasema, haki yako, mzee. Akanipa mkono. Lazima alipiga simu huko siku hiyo hiyo. Ndipo akaambiwa mama anaumwa."

"Baba."

"Sikumwambia akae kule, mwanangu. Nilimwambia amtazame tu. Amtazame, arudi. Nilikuwa nimeshamwomba jirani anitafutie chupa nzuri."

Vlatka akakaa kwenye kiti kingine. Hakulia. Alibaki kutazama mkono wa baba yake, mishipa yake, madoa ya uzee, kucha alizozikata yeye juzi. Alitaka kumpigia kelele, na alitaka kumfuta lile chozi, na hakuweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa ameposwa. Katika nyumba hii hii, mwezi jana, mtu alivaa tai akamposa, na yeye wakati huo alikuwa anakata tiketi ya mtu wa kwenda Vinkovci.

"Mbona hamkuniambia?" akauliza hatimaye. "Hakuna hata mmoja wenu."

"Alitaka aje na jibu kwanza. Nami nilitaka nikushtue." Mzee akapumua kwa taabu. "Nenda dirishani. Mtazame kama ameondoka."

Akaenda. Kutoka ghorofa ya nane kituo cha tramu kilikuwa kidogo kama kiberiti, lakini alilitambua koti la kijivu. Tihomir alikuwa ameketi kwenye benchi, viwiko juu ya magoti. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaenda. Hakupanda.

"Bado yupo kituoni. Tramu imempita, hakupanda," Vlatka akasema.

"Shuka basi. Lifti inafanya kazi. Mwite. Mwambie mzee amesema ndiyo, bila sharti. Mwambie nimekosea."

Tramu ya pili ikaja, ikaondoka. Tihomir hakuinua kichwa.

Vlatka alikuwa ameshashika kitasa cha dirisha. Hata lifti haikuhitajika; angelifungua tu, angeita jina lile kwa sauti yake ya stendi inayovuka injini kumi, naye angesikia. Angeinua uso. Angepanda ngazi mbili mbili. Wangekula supu, watatu, mezani, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na baba yake angemimina rakija kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu. Aliyaona yote. Angepika chungu kingine cha supu. Na huko Kranj msichana wa miaka tisa angekaa karibu na simu, akihesabu siku ngapi.

"Vlatka," mzee akamsihi. "Anakungoja. Mtu hangoji tramu namna ile. Shuka, mwanangu, kabla haijaja nyingine."

"Najua ananingoja, Baba."

Akatoa mkono kwenye kitasa. Akaubana chini ya kwapa, kama mtu aliyeungua, akasimama hapo hapo, paji la uso limegusa kioo. Tramu ya tatu ikakunja kona polepole, ikasimama, ikaziba benchi lote. Alihesabu waliopanda: mwanamke mwenye kikapu, wazee wawili. Wengine hakuweza kuwaona.

Ilipoondoka, benchi lilikuwa tupu.